Vidole vya Uji kwenye Gari la Mikate

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anaendesha gari la mikate. Kule kiwandani wenzake wamempa jina la Sentimita, na jina hilo analipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Mahali pa kupakilia mikate ni pembamba, pana nguzo mbili za zege, na madereva wengine hushuka hata mara tatu kupima kwa macho kabla ya kurudisha gari. Yeye hashuki. Hutupa jicho kwenye kioo cha kushoto, kioo cha kulia, akarudi nyuma mara moja tu, kisha hutoa kichwa dirishani na kuwauliza wapakiaji, "Imebaki ngapi?" Nao humjibu kwa pamoja, "Sentimita!" Miaka kumi na tisa sasa, hajakwaruza hata kitasa.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadai kwamba namchukia. Wapo waliodai.

Alianza kwa kusukuma mkokoteni wa maji. Baadaye akawa utingo wa lori, akilala juu ya magunia na kuamka na nyuzi kwenye nywele. Leseni aliipata akiwa na miaka thelathini na moja, baada ya kuanguka mtihani mara tatu, na nakala yake ameitia kwenye fremu na kuitundika juu ya kitanda, pale ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Mke hajapata. Mama mkwe wangu husema, "Huyu ameshaoa gari, na mahari tunalipa sisi kwa kufua matambara yake." Maana kila asubuhi, kabla hajanywa chai, shemeji hulifuta lile gari kuanzia taa za mbele hadi bampa ya nyuma. Gari lenyewe si lake, ni la kiwanda, ila wamemruhusu kulala nalo nyumbani.

Nyumbani kwetu ni vyumba vitano vilivyopangana mstari mmoja, jiko likiwa mwisho kabisa. Njia ya gari inatoka getini, inapita mbele ya vyumba vyote hadi karibu na mlango wa jikoni. Kwa upana inatosha gari na mtu mmoja mwembamba. Gari huingia kwa pua, kwa sababu mama mkwe, ambaye sote tunamwita Mama, aliamuru zamani kwamba moshi wa gari usielekee kwenye vyungu. Likiingia kwa pua, lazima litoke kwa mgongo. Na mgongo wa gari lile ni bati tupu, boksi lisilo na kioo wala tundu.

Kitinda mimba wangu tunamwita Bibie, kwa maringo yake. Nilimzaa nikiwa na miaka arobaini na mbili, watu wakidhani ni mjukuu. Alipoanza kutembea, tuliketi mimi, shemeji na Mama tukapanga utaratibu wa asubuhi. Saa mbili, wakubwa wakiwa wameshakwenda shule na mume wangu ameshakwenda kwenye ujenzi, shemeji atafungua geti, ataingia garini, atawasha, atapiga honi mbili. Sisi tuliomo ndani tutamwangalia mtoto. Aliye naye atajibu kwa sauti, "Haya!" Akishasikia "Haya!", shemeji anaondoka. Tuliuona utaratibu wa watu wenye akili. Mimi mwenyewe nilichangia.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Jumanne moja saa kumi jioni shemeji alirudi kazini, akapiga honi zake mbili getini kama kawaida, akaingia. Watoto wote walikimbilia nyuma ya gari. Jioni ndiyo saa yao. Shemeji hufungua mlango wa nyuma na kuwagawia mikate iliyobonyea njiani, ambayo wenye maduka wameikataa. Bibie hupewa kipande chake wa kwanza, kisha hubebwa juu juu hadi jikoni. Walipotawanyika, mimi nilibaki nikiokota mifuko ya nailoni. Ndipo nikaona chini ya mlango ule wa nyuma, juu kidogo ya bampa, madoa matano yaliyokaa kama vidole.

Nilidhani ni ndege. Nikakwaruza kwa ukucha. Uji. Tena uji wangu, maana ulikuwa na chembe za karanga, na karanga nasaga mwenyewe.

Nikainama vizuri. Uji ulikuwa umekauka, na juu yake kulikuwa na vumbi la njiani. Vumbi likiwa juu, uji ndio uliotangulia. Gari lilifutwa asubuhi. Bibie hunywa uji asubuhi tu, jioni hataki hata kuuona. Kwa hiyo mkono ule uligusa gari baada ya kufutwa na kabla halijaondoka.

Nilijaribisha kiganja changu pale. Pale ndipo mkono wa Bibie unapofika akiwa amesimama.

Sikupiga kelele. Nilikwenda kwa Mama, aliyekuwa kwenye kiti chake cha kamba jikoni akishona kitufe cha shati.

"Mama, saa mbili asubuhi mtoto huwa na nani?"

"Si na wewe?"

"Mimi saa mbili nipo bafuni nafua."

"Basi yuko na mimi."

"Yuko na wewe, au unasema tu yuko na wewe?"

Akauma uzi kwa jino lake moja la pembeni, akanitazama. "Mama Bibie, leo umeamka na askari kifuani. Nimekosa nini?"

Nikamwonyesha shemeji madoa. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Shemeji, mimi napita maduka ishirini na mawili kwa siku! Watoto wa mitaa yote wanalishika hili gari. Una uhakika gani kwamba wewe peke yako ndiye unayetia karanga kwenye uji?"

"Vumbi liko juu ya uji."

"Haya, mpelelezi. Kesho utachukua na alama za vidole za kuku."

Mama akadakia kutoka jikoni, "Mwache. Anataka gari litoke humu apate pa kutandaza kamba zake za nguo. Tangu mwaka jana anaisema ile nafasi."

Ni kweli niliisema ile nafasi mwaka jana. Lakini usingizi wa siku ile haukuwa usingizi. Nilimshuku Mama kwamba anajibu "Haya!" bila kugeuza shingo. Nilimshuku shemeji kwamba ameona kitu siku moja na amekificha. Hata binti yangu mkubwa nilimshuku, kwamba anaacha mlango wazi akienda shule. Mume wangu nilipomweleza alisema, "Kesho tazama, mbona rahisi," akageukia ukutani. Naye nikamshuku, kwa jinsi alivyosema rahisi.

Jumatano nilitazama. Nilimpakata Bibie jikoni na kikombe chake cha uji. Shemeji akawasha. Akapiga honi mbili. Nilitaka kujibu "Haya!" lakini Mama alishawahi, "Haya!", macho yake yakiwa kwenye mchele anaoupeta. Hakututazama hata kidogo. Hilo nikaliweka moyoni. La pili ndilo lililonitia baridi. Honi ilipolia, Bibie alianza kurusha miguu. Alijinyonga kama samaki, akanipiga kidevu kwa kisogo, akalia mpaka gari likaisha kutoka. Halafu akanyamaza mara moja, kana kwamba hapakuwa na kitu.

Mtoto analilia nini kwenye gari linaloondoka? Hata kwa baba yake halii.

Alhamisi asubuhi nilimwambia Mama kwamba naenda dukani kununua sabuni, na kwamba mtoto abaki naye.

"Nenda," akasema. "Ninaye."

"Unaye kweli, Mama?"

"Nikuandikie barua?"

Nilitoka hadi getini na kapu, kisha nikajibana nyuma ya nguzo ya geti, upande wa ndani, pale panapokaa pipa la takataka. Kutoka pale hadi nyuma ya gari nilikuwa nimepima kwa hatua tangu alfajiri, kumi na tatu. Sikuupenda umbali ule, nikasogea kando ya ukuta hadi zikabaki nne. Shemeji alikuwa garini tayari, akifuta kioo kwa ndani na kuimba. Hakuniona. Nakumbuka nilijiambia, huyu mtu mwenye macho yake yote hanioni, na mimi ni mnene.

Akawasha. Honi mbili.

"Haya!" sauti ya Mama ikatoka jikoni, kavu, ya mtu anayejibu salamu.

Mlango wa jikoni haukuwa umefungwa. Bibie alitoka. Alikuwa na kijiko mkono mmoja, na mkono mwingine umejaa uji hadi kwenye kifundo. Hakukimbia. Alikuja polepole kati ya ukuta na gari, akipitisha bega kwenye bati, akapita gurudumu la mbele, akapita mlango wa dereva ulio juu ya kichwa chake, akapita gurudumu la nyuma, akazunguka. Akasimama katikati kabisa ya mgongo wa gari, akaweka kiganja chake kwenye mlango, akainua uso, akafumbua mdomo.

Alikuwa anangoja mkate.

Taa nyeupe za kurudi nyuma zikawaka, moja kila upande wa kichwa chake.

Nilikuwa nimepanga kupiga kelele. Miguu ndiyo iliyokwenda. Nilimkamata kwa gauni, nikamvuta hadi ukutani, na kwa mkono wa pili nikalipiga bati lile kwa kiganja, tena na tena, mpaka breki zikalia. Gari lilikuwa limeshasogea. Pale aliposimama mwanangu, bampa ilikuwa imeshapita.

Shemeji alishuka amekunja uso. "Shemeji! Unalipigia nini gari la watu?" Kisha akamwona Bibie mikononi mwangu. Akatazama kapu langu chini, akatazama ukuta nilikotokea.

"Wewe si umekwenda dukani?"

"Nilijificha."

"Ulijificha na mtoto?"

"Mtoto ametoka jikoni peke yake."

Mama alikuwa ameshafika, khanga begani. "Mtoto alikuwa pale mlangoni sasa hivi," akasema. "Sasa hivi! Nimemwona kwa macho yangu."

"Umemwona lini, Mama?"

Shemeji ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Shemeji, kama hunitaki hapa nyumbani, sema. Usimtumie mtoto. Wewe ndiye uliyemleta hapa nyuma. Miaka kumi na tisa sijagusa hata paka."

Sikumlaumu kwa kunishuku. Mtu aliyejibana ukutani na kapu lisilo na sabuni, nani amwamini? Lakini nilijua tukiachana pale, kesho saa mbili honi italia tena, na kesho kutwa, na mimi siwezi kusimama ukutani mpaka mtoto aolewe.

"Zima gari," nikamwambia. "Nipe ufunguo."

"Nimechelewa."

"Nipe ufunguo, baba, halafu unifukuze mimi."

Akanipa. Nikaufunga kwenye pindo la khanga. Nikamchukua Bibie, nikamrudisha jikoni, nikamweka mapajani mwa Mama, nikampa mkate mkononi. "Mama, mshike kama unavyomshika siku zote. Usimbane." Kisha nikatoka na kumwambia shemeji apige honi. Honi ya gari lile hulia hata bila ufunguo.

"Ngapi?"

"Zako."

Akapiga mbili.

Ndani nikasikia Mama anasema, "We! Unakwenda wapi? Kaa!" Kisha, "Jamani, huyu mtoto!" Bibie akatokea mlangoni, mkate ameutupa, akaja kwa mwendo uleule, bega kwenye bati. Mama alikuwa nyuma yake, ameinua mikono bila kumgusa, anamfuata kama mtu anayefuata jini. Bibie akazunguka, akaweka kiganja, akafumbua mdomo.

Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa dirishani. "Yuko wapi?" akauliza. "Simwoni."

"Shuka uone."

Alishuka. Alimtazama yule mtoto akingoja kwenye mlango wa bati, naye mtoto alipomwona akacheka, akapigapiga mlango. Jioni honi mbili ni mkate. Asubuhi honi mbili, nani amwambie kwamba si mkate? Tulikuwa tunamwita kila siku, kisha tunaitika wenyewe "Haya!" na kuondoka.

Kwa nini hakuumia siku zilizotangulia, sijui. Pengine alichoka kungoja akarudi jikoni. Pengine shemeji alikawia kufunga mkanda. Nimejiuliza mpaka nimeacha, kwa kuwa kila jibu lilininyima chakula.

Mama alikaa chini, pale pale kwenye njia ya gari. "Nilikuwa najibu tu," akasema. "Mdomo ulizoea."

Shemeji bado alikuwa na neno. "Basi kosa ni honi. Lakini vioo vyangu vinaona. Leo tu sikutazama vizuri."

Nikaleta dumu la maji la manjano, nikaliweka juu ya kigoda. Likalingana na kichwa cha Bibie. Nikaliweka nyuma ya gari, katikati.

"Kaa kwenye kiti chako. Tazama vioo vyote. Ukiliona sema."

"Silioni. Hapo ni karibu mno."

Nikasogea hatua moja kuelekea getini. "Sasa?"

"Bado."

Hatua ya tatu. "Sasa?"

"Bado. Sogea kidogo. Litatokea tu."

Hatua ya sita akaacha kusema litatokea. Ya tisa alikuwa amesimama nusu kwenye kiti, shingo nje, anageuka kushoto na kulia kama kuku anayetafuta njia ya kutoka bandani. Nilibeba kigoda na dumu, nikaweka, nikabeba, nikaweka.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Nipo getini, shemeji."

Hakuja kutazama. Alibaki amekaa, mikono kwenye usukani, gari limezimwa. Baada ya muda alipiga simu kiwandani, akasema leo mikate itachelewa. Msimamizi alipouliza kama gari limeharibika, nilimsikia akijibu, "Gari ni zima. Dereva ndiye anayetengenezwa."

Tangu siku ile mambo yamebadilika, na yeye ndiye aliyeyabadilisha zaidi yetu. Gari sasa linaingia kwa mgongo na kutoka kwa pua. Kabla ya kuingia, shemeji anasimama nje barabarani, anazima, anakuja kwa miguu hadi mlango wa kwanza na kuuliza, "Bibie yuko wapi?" Hataki kuambiwa "Yupo." Anataka kumwona. Tunamnyanyua mtoto dirishani, na dirisha lina nondo, anamshika kidole, ndipo anarudi kwenye gari. Asubuhi ni vilevile, kisha analizunguka gari lote na kupiga magoti kutazama chini yake. Magoti ya suruali yameisha rangi. Honi haipigi tena humu ndani, iwe ya kuja au ya kuondoka. Mikate anaileta jikoni kwa mkono, ufunguo ukiwa umetundikwa kwenye msumari ambao hata mimi naufikia kwa kuchuchumia.

Mama alikubali moshi. Alinung'unika siku mbili, siku ya tatu akahamisha vyungu mwenyewe.

Kiwandani pia anashuka. Wanamcheka, "Sentimita amezeeka, sasa anapima kwa futi!" Anawaacha wacheke, anakwenda nyuma, anahesabu wapakiaji kwa kidole mmoja mmoja, anawaambia wasimame upande wa kulia ambako anawaona, ndipo anarudisha. Siku moja alilichukua dumu letu la manjano bila kuaga. Nilishuku kwamba ameliuza, kumbe alikwenda kuwaonyesha madereva wenzake zile hatua kumi na tatu zisizoonekana kwenye vioo. Alirudi nalo jioni. "Mmoja wao ana mapacha," akaniambia.

Kinachonitesa mimi ni kwamba Bibie hajasahau. Sisi tuliacha honi, dunia haikuacha. Fundi alituwekea komeo juu ya mlango wa jikoni, juu kabisa, na asubuhi tunalifunga kabla ya uji. Jana gari la taka lilipita barabarani likapiga honi mara mbili. Bibie aliweka kijiko chini, akateremka kitini, akaenda kusimama mbele ya mlango, uso juu.

Shemeji alikuwa anakunywa chai. Alinyanyuka, akalijaribu lile komeo kwa mkono, akalivuta tena, ingawa alikuwa ameniona nikilifunga dakika chache kabla.

Alipokaa, nami nilinyanyuka nikalijaribu.